Maradhi Hayaji Peke Yake
Haki na Afya katika Delta ya Rufiji



Injili ya Yohane, sura ya tano, inatusimulia habari za mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38, amelala kando ya birika la Bethzatha. Uponyaji ulikuwa hatua chache tu kutoka mahali alipolala, lakini kila maji yalipotibuliwa, mwenye nguvu kuliko yeye alimtangulia. Hakuwa na mtu wa kumtia birikani. Tunawaalika kuisoma habari hiyo kana kwamba mmesimama gatini Nyamisati, mkivitazama visiwa vya delta. Huko nako dawa ipo nchini, sera ipo, na sheria ipo. Lakini wako wanaolala kando ya maji wasiofikiwa.

Tunasema wazi: watu wa delta na wa vijiji vya Kibiti hawaugui kwa bahati mbaya, wala si kwa uzembe. Wanaugua kwa sababu maradhi hayaji peke yake. Huja yameshikana mikono, na kinachoyaunganisha ni unyonge wa watu.

Itazameni familia moja ya wakulima wa mpunga. Msimu ukifika huhamia shambani na kulala dunguni ili kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe mwitu. Chandarua walichogawiwa hakitundikiki vema mahali hapo, nao mbu hawangoji. Malaria humpunguzia damu mtoto na mama mjamzito. Palipo na maji yenye konokono, kichocho humpunguzia damu iliyosalia. Kwa mwanamke, kichocho hicho huweza kujeruhi via vya uzazi, na wataalamu wanatuonya kwamba majeraha hayo yaweza kuvifungulia mlango virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo vikiudhoofisha mwili, kifua kikuu huingia. Baba mwenye mabusha au matende hushindwa kuvuta nyavu, kipato hupungua, na chakula hupungua nacho. Maji ya bahari yanapopanda mtoni wakati wa kiangazi, maji baridi huwa ya kutafutwa kwa mtumbwi, na anayekunywa yoyote anayoyapata huhatarisha maisha yake kwa kuhara na kipindupindu. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Mwenye akiba alihesabu hasara. Asiye na akiba alihesabu siku za njaa, na mwili wenye njaa hauna ngao.

Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Marekani, Merrill Singer, aliona jambo la namna hiyo miongoni mwa maskini wa mji wa Hartford: UKIMWI, dawa za kulevya na ukatili vilikuwa vikilishana. Akaubunia muungano huo jina, nasi twaweza kuuita sindemia. Fundisho lake ni kwamba maradhi yanayokutana katika mwili wa mnyonge huzidishana makali, na kwamba asiyegusa unyonge wenyewe hajayatibu.

Lakini tumezoea kusikia mafundisho mengine. Tunaambiwa: msiba wa kujitakia hauna kilio. Tunaambiwa kwamba watu wa visiwani hawajaelimika, kwamba mama humpeleka mtoto wa degedege kwa mganga badala ya hospitali. Tunawauliza wasemao hivyo: je, mmepata kumbeba mtoto anayetetemeka usiku wa maji mafu, mtumbwi umekwama topeni, na zahanati iko upande wa pili wa mkondo? Mganga yu karibu, naye hukubali kulipwa baada ya mavuno. Sera ya taifa inasema mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito watibiwe bila malipo, na tunaisifu. Lakini sera haimlipi mwenye boti. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 lilimaliza adha ya kivuko kwa msafiri wa barabara kuu, visiwani halikufika.

Asiseme mtu kwamba haya ni mapenzi ya Mungu. Rufiji yenyewe imekwisha kutoa ushahidi kinyume chake. Katika miaka ya 1990, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini ziliingizwa katika mradi wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na kwa ugonjwa gani. Ikadhihirika kwamba fedha hazikuwa zikifuata vifo: huko Morogoro, malaria ilisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Mipango ikapangwa upya, ikaongezwa takriban senti 80 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka, na katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Watoto hao hawakuokolewa na muujiza. Waliokolewa na hesabu ya haki.

Basi kinachokosekana si maarifa. Tangu mwaka 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa katika hospitali za serikali, mnyonge amejifunza kuogopa dirisha la malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini kadi ya bima haina faida kwa mtu asiyeweza kuifikia zahanati, au anayeifikia akakuta hakuna mhudumu. Tena, Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sote tuliona hatari ya kuacha uhai wa wagonjwa wa UKIMWI utegemee kalamu ya mtu wa mbali. Taifa lisilotenga fedha zake kwa ajili ya wanyonge wake limewaweka rehani.

Nasi Kanisa hatuna budi kujipiga kifua. Tulikuwapo tulioihubiri UKIMWI kama adhabu, na wagonjwa wakajificha. Mwaka 1987 Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Sollicitudo Rei Socialis, alitufundisha juu ya miundo ya dhambi, nasi tukaendelea kutafuta dhambi katika mwili wa mgonjwa peke yake. Tunapeleka sabuni na sukari kwa wagonjwa, na ni vema. Lakini sadaka haiwezi kuwa badala ya haki.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwajue wagonjwa wake, pamoja na sababu zinazowazuia kufika kwenye tiba: nauli, umbali, aibu au njaa. Pili, nendeni katika mikutano ya kijiji na kamati za vituo vya afya mkaulize, kwa adabu na bila woga, fedha za afya zimetumikaje, na boti ya wagonjwa itapatikana lini. Tatu, fanyeni hayo pamoja na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika delta. Mbu hamuulizi mtu dini yake, na haki haina msikiti wala kanisa.

Injili ya Marko inatukumbusha watu wanne waliombeba mwenye kupooza, na walipokuta mlango umezibwa na umati, wakatoboa dari. Yesu aliiona imani yao. Sisi bado tunahesabu vigae vya dari.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Katika kijiji chetu, ni nani asiye na mtu wa kumtia birikani?
2. Ni maradhi gani yanayokutana katika nyumba moja, na ni nini kinachoyakutanisha?
3. Ni dari gani tunayopaswa kuitoboa mwaka huu?