Profesa, Bonyeza Hicho Kiungo

Na Mwalimu Mkaidi

Wasomaji wa safu hii mnaujua ugomvi wangu na mihuri, na mwenyekiti wa mtaa wetu anaujua kuliko nyote. Wiki hii nimempumzisha. Nina neno na profesa mmoja.

Mpwa wangu anaomba nafasi ya shahada ya uzamivu Marekani. Vyuo vya kule kwa kawaida hutaka barua tatu za mapendekezo, na kila chuo hutuma kiungo chake kwenye baruapepe ya mwandishi. Profesa alikwisha kumwandikia kwa vyuo vinne. Kikajitokeza cha tano, binti akaona haya kuomba tena. Nikamsindikiza, maana mimi haya ziliniisha zamani.

Tulikaa kwenye benchi la korido mpaka adhuhuri. "Prof yuko kikaoni," alisema katibu muhtasi, huku kicheko cha Prof kikivuka mlango. Nilimaliza karanga zote za binti wa watu. Hatimaye tukaingia. Shikamoo yake ikaitikiwa kwa kidevu.

"Tena? Kwani mimi kiwanda cha barua? Haya, andika mwenyewe ulete, nitasaini."

"Asante, Prof," akasema mpwa wangu. Mimi nikapaliwa.

Fomu za vyuo vile humuuliza mwombaji kama anaachilia haki ya kuja kuisoma barua hiyo, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1974. Wengi huiachilia, ili ionekane mwalimu ameandika bila kumwonea mtu haya. Sasa huyu wangu kaachilia haki ya kusoma barua anayoitunga mwenyewe usiku, kwenye meza yangu ya chakula, akiniuliza, "Mjomba, nijiite hodari au hodari sana?" Nikamwambia sana.

Na barua yenyewe ipo! Ile ya vyuo vinne imelala kwenye kompyuta ya Prof; ni kubadili jina la chuo na tarehe, basi. Wapo wanafunzi wanaoomba jioni barua ya kesho asubuhi, na hao wafukuzwe kwa ufagio. Huyu alikwenda wiki tatu kabla, na orodha ya tarehe mkononi.

Maprofesa wetu wameigeuza barua kuwa hisani ya kupigiwa magoti. Hisani gani? Ni kazi ya mwalimu, sawasawa na kusahihisha mitihani. Huyu wetu ametundika ukutani shahada yake ya uzamivu kutoka Uingereza. Hakuingia kule kwa kuruka ukuta. Kuna mwalimu aliyekaa chini akamwandikia.

Dirisha linafungwa tarehe 15 Desemba, dakika moja kabla ya saa sita usiku, kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu itakuwa inakaribia saa mbili asubuhi ya tarehe 16. Prof, siku hiyo bonyeza kwanza, chai utakunywa baadaye.