Kurudia KCSE: Uamuzi uongozwe na pointi, si aibu

KATIKA miaka ya karibuni, matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) yamekuwa yakitangazwa Januari, wakati wakulima wa Kitui wanavuna ndengu na wenzao wa Makueni wanauza maembe. Ni majira ambayo mzazi huwa na chochote mkononi. Ndipo swali huzuka: mtoto aliyepata C arudie mtihani, au atafutiwe njia nyingine?

Swali hili linagusa nyumba nyingi. Katika KCSE ya 2024, ni watahiniwa 246,391 pekee kati ya 965,172 waliopata C+ au zaidi, gredi ya chini zaidi ya kujiunga moja kwa moja na masomo ya shahada. Waliosalia ni zaidi ya laki saba. Kijana wa Kitui anaweza kupita kila siku mbele ya lango la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kwa Vonza, asiweze kuliingia kwa sababu ya pointi moja.

Pointi hiyo moja ndiyo kiini cha suala hili. Gredi ya wastani hukokotolewa kwa masomo saba, kila somo likiwa na pointi 1 hadi 12, jumla ikiwa 84. C+ huanzia pointi 46 hadi 52, na C ni 39 hadi 45. Kwa hivyo wanafunzi wawili wenye C huenda wasiwe katika hali moja. Mwenye pointi 45 anahitaji kupanda daraja moja katika somo moja tu. Mwenye 39 anahitaji pointi saba, yaani daraja moja zaidi katika kila somo. Wa kwanza ana sababu nzuri ya kurudia. Wa pili anapaswa kutafakari sana kabla mbuzi hawajauzwa.

Ni muhimu pia kujua kanuni zilizotumika. Kuanzia KCSE ya 2023, masomo ya lazima katika ukokotoaji ni Hisabati na lugha moja, kisha huongezwa mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Awali, Kiingereza, Kiswahili na sayansi mbili zilihesabiwa hata kama ndizo zilizomwangusha. Aliyefanya mtihani kabla ya mwaka huo na kuvutwa chini na Fizikia au Kemia ana nafasi bora leo, mradi afanye mtihani upya.

Hata hivyo, gredi ya wastani haifungui kila mlango. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari anahitaji C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Kozi nyingi za biashara na uhasibu nazo huangalia Hisabati. Ni masikitiko kurudia mwaka mzima, ukapata C+, kisha ukakuta kozi uliyoitamani ingali imefungwa.

Kosa jingine ni kurudia kwa njia ile ile iliyokuangusha. Wanaofanya GMAT, mtihani wa kuingia vyuo vya uzamili wa biashara ng'ambo, hupewa alama za kila sehemu, na wanaweza kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano katika miezi 12. Wanaofaulu kuongeza alama ni wale wanaochunguza walipopoteza pointi kabla ya kufungua kitabu tena. Mtahiniwa wa Mwingi au Wote husubiri mwaka, ndiyo maana uchunguzi huo kwake ni wa lazima zaidi. Je, alishindwa na karatasi ya pili ya Hisabati, au muda ulimwishia? Je, insha ilimponza, au ni fasihi? Akumbuke pia kwamba vitabu teule hubadilika: aliyefanya mtihani 2019 alisoma Chozi la Heri na Kigogo, ilhali wa 2024 alitahiniwa katika Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Madaftari ya zamani hayatamfaa.

Kisha kuna suala la wakati. KCSE huandikwa mwishoni mwa mwaka, na katika Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi. Mtahiniwa wa kibinafsi anayeishi nyumbani hutarajiwa kushika jembe wakati huo huo anaotakiwa kushika kalamu. Mzazi aliyelipia usajili kisha akamtuma shambani asubuhi hadi jioni, anabomoa kwa mkono mmoja alichojenga kwa mwingine.

Kwa yule aliye mbali na pointi 46, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. C- humruhusu kusomea stashahada katika taasisi kama vile Wote Technical Training Institute, na wengi wamefika shahada kupitia njia hiyo. Miaka mitatu ya stashahada yenye ujuzi ina thamani kuliko miaka mitatu ya kurudia mtihani.

Lakini anayestahili kurudia asichelewe. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Asiweke azma yake akiba akidhani fursa hii itabaki kama ilivyo daima.

Walimu wakuu nao wana wajibu. Siku mwanafunzi anapochukua matokeo yake, aketishwe na mwalimu, pointi zijumlishwe na ukweli usemwe. Kamati za basari za kaunti na maeneobunge zifikirie pia mtahiniwa wa kibinafsi aliyekosa pointi moja au mbili. Kumsaidia huyo ni gharama ndogo kuliko kumwacha akae barazani mwaka mzima, akihesabu aibu badala ya pointi.