Kofia ya Mwanafunzi na Ukarabati wa Seli

Mkoa wa Singida uko kwenye uwanda wa juu wa kati ya Tanzania, takriban nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Mvua zake ni za msimu mmoja, na jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi. Alizeti hulifurahia jua hilo. Ngozi ya mwanafunzi mwenye ualbino, iliyopungukiwa melanini, hailiwezi. Shule inayomvua kofia kwa hoja kwamba si sehemu ya sare huamua jambo la kibiolojia bila kuishauri biolojia.

Darasani DNA huelezwa kana kwamba yote imo ndani ya kiini cha seli. Sivyo. Mitokondria, ambamo seli hutengenezea sehemu kubwa ya nguvu zake, zina DNA yao wenyewe, fupi, yenye jozi 16,569 za besi na jeni 37. Jeni 13 kati ya hizo hutoa maelekezo ya protini za kazi hiyo ya kuzalisha nguvu. DNA hiyo hukaa, kama mtu angesema, kando ya mafiga: oksijeni kali inayotokea hapo huiharibu besi ya guanini. Kimeng'enya kiitwacho OGG1, ambacho jeni yake imo katika kiini, huingia pia katika mitokondria na kuing'oa besi iliyoharibika. Vimeng'enya vingine huliziba pengo. Kikipungua, makosa hurundikana na uzalishaji wa nguvu huweza kudhoofika.

Lakini fundi huyo hatengenezi kila kitu. Mionzi ya urujuanimno hugandamanisha besi zilizo jirani. Kiini kina vimeng'enya vya kukikata kipande cha namna hiyo. Mitokondria hazina, kama majaribio yalivyoonyesha tangu mwaka 1974. Katika ngozi iliyozoea kupigwa na jua, DNA ya mitokondria iliyopotewa na jozi 4,977 huonekana zaidi kuliko katika ngozi iliyofunikwa. Hata kiini chenyewe huzidiwa, na huko ndiko saratani ya ngozi huanzia hasa. (Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2015 ilikwenda kwa wachunguzi wa ukarabati wa DNA, hakuna aliyegundua ukarabati usio na kikomo.)

Kofia pana, mikono mirefu, dawati lililo mbali na dirisha lenye jua, na zamu ya shamba la shule kabla ya saa tatu asubuhi: hayo mwalimu wa biolojia anaweza kuyapeleka kwenye kikao cha walimu kabla orodha ya sare haijachapwa.