Si Mnazi, Huenda ni Koboko

Wanao wakienda likizo Samburu, kule Kwale, wajue jambo hili. Mtu akirudi kutoka porini kope zimemlemea, ulimi mzito na mate yakimdondoka, wasiseme kalewa mnazi. Wamtazame miguu. Bafe huvimbisha, koboko aweza kuacha alama ndogo kama ya mwiba, kisha sumu ikalegeza misuli hata ile ya kupumulia.

Kamba, wembe na jiwe jeusi tupeni. Wala msipoteze muda kumsaka nyoka, daktari hutibu dalili. Asitembee, mlazeni ubavu, gari la kwanza limpeleke Mariakani au Mombasa. Pumzi ikikatika njiani, mpulizieni mdomoni bila kuacha. Moyo huenda ungali unapiga, na mashine hospitalini yaweza kumpumulia mpaka sumu iishe.