Herufi Moja, Hasara Kubwa

Mwandishi anayedai kwamba kukazania herufi za vipimo ni ukaidi tu wa walimu wa fizikia, kwa kuwa msomaji ataelewa kutokana na muktadha, hajapiga hesabu. mW ni miliwati, MW ni megawati: tofauti yake ni mara 1,000,000,000. Muktadha haukukiokoa chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, mwaka 1999. Programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa paundi, nyingine ikazisoma kama nyutoni, chombo kikapotelea Mirihi. Na mgonjwa aliyeandikiwa mikrogramu akapewa miligramu, amezidishiwa dawa mara 1,000. Muktadha gani utamtibu? Mwalimu anayekata alama kwa herufi moja yuko sahihi, na aendelee kukata.