Daftari la Wiki: Tarehe Haina Miujiza

Kipengele cha "Siku kama ya leo" kimerudi redioni, na kero yangu imerudi nacho. Matukio matatu yanapangwa fungu moja kama nyanya sokoni, bila muuzaji kuulizwa kila moja limetoka shamba gani.

*

Fungu linalopendwa kuliko yote ni 4 Julai ya Wamarekani. Tarehe hiyo mwaka 1826, Azimio lao la Uhuru likitimiza miaka 50, marais wawili wastaafu walifariki siku moja: Thomas Jefferson huko Virginia, miaka 83, na John Adams huko Massachusetts, miaka 90. Tarehe hiyohiyo mwaka 1831 akafuata James Monroe. Watatu kati ya marais watano wa mwanzo! John Quincy Adams, mwana wa John Adams na mwenyewe Rais mwaka 1826, aliona katika vifo viwili vya kwanza mkono wa Mungu. Imani yake naiheshimu. Hesabu ndiyo inayonitia shaka. Wazee wale walikuwa wamedhoofika, na mwaka wa kawaida una siku 365 tu za kufia. James Madison, mwingine kati ya watano hao, alikufa 28 Juni 1836, siku sita kabla ya sikukuu, na hakuna aliyetangaza muujiza wa 28 Juni. Mishale iliyolenga tunaihesabu, iliyokosa tunaiacha majanini. Wakusanye watu 23 tu chumbani, na uwezekano wa wawili wao kuzaliwa tarehe moja tayari umepita nusu. Ndiyo maana James Polk na Warren Harding, marais wote wawili, walizaliwa 2 Novemba, na dunia haikutikisika.

Atadakia mtu: basi tarehe hazina maana, tuzifute kwenye kalenda. La, zina maana, ila maana hiyo hutiwa na watu. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa 2 Julai 1776, na John Adams akamwandikia mkewe Abigail kwamba siku hiyo ndiyo ingeadhimishwa na vizazi vijavyo. Tarehe 4 yalipitishwa maandishi ya Azimio tu, na wajumbe wengi walitia saini 2 Agosti. Taifa likachagua 4, na tangu hapo kila mwenye shughuli akaichumia. Jenerali Pemberton wa majeshi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipoona Vicksburg haishikiki tena, aliusalimisha mji huo 4 Julai 1863 akitumaini kwamba adui angelegeza masharti siku ya sikukuu yake. Hiyo si sadfa, ni biashara.

Na kinachochaguliwa huweza kukataliwa. Jimbo la New York lilikomesha utumwa 4 Julai 1827, lakini Weusi wengi wa huko waliandamana kwa shangwe tarehe 5, kwani ya 4 ilikuwa na wenyewe. Tarehe 5 hiyohiyo mwaka 1852, mjini Rochester, Frederick Douglass aliwauliza wasikilizaji wake sikukuu ya jana inamhusu nini mtumwa. Wafilipino nao walikabidhiwa uhuru na Marekani 4 Julai 1946, wakavaa nguo ya kuazima kwa miaka 16, kisha mwaka 1962 Rais Macapagal akaihamishia sikukuu 12 Juni, siku waliyojitangazia uhuru wenyewe kutoka Hispania mwaka 1898. Kama tarehe ingekuwa na nguvu yake yenyewe, isingehamishika kwa saini ya rais.

*

Wanyarwanda wana 4 Julai yao, ya 1994, Kigali ilipokombolewa. Ukimpongeza mtu wa Kigali kwa ajili ya Azimio la Wamarekani, usishangae akikutazama tu.

*

Rais Lincoln wa Marekani alipigwa risasi 14 Aprili 1865, akafa tarehe 15. Meli ya Titanic iligonga mlima wa barafu 14 Aprili 1912, ikazama tarehe 15. Na 15 Aprili ndiyo siku ya kawaida ya mwisho kwa Wamarekani kuwasilisha ritani za kodi. Haya, hapo nimeshindwa: kuna mkosi.

*

Sasa 7 Agosti, na hapa utani ukome. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la Ghuba ya Tonkin, lililofungua mlango wa vita vikubwa vya Vietnam. Mwaka 1990 majeshi ya Marekani yalianza kutumwa Saudi Arabia. Mwaka 1998 yakalipuka mabomu kwenye balozi zake Nairobi na Dar es Salaam. La kwanza halina undugu na mengine. La pili na la tatu yana uzi, kwa kuwa majeshi yale Saudia yalikuwa lalamiko kuu la al-Qaeda, kundi lililolipua balozi hizo, na uzi huo ungekuwapo hata kama mabomu yangelipuka tarehe 8. Anayetaka kuelewa na aufuate uzi, aiache kalenda ukutani. Waliouawa na mabomu hayo walikuwa 224. Wamarekani kati yao walikuwa 12.