Wapagazi, korona na bando
Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi tuliambiwa tufuate masomo redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Mwenye simu ya maana na hela ya bando alisoma. Sisi akina mwenzangu na mimi tulingoja zamu ya simu ya mama, na umeme ukikatika, kipindi kimetupita. Nikabaki na kitabu cha historia. Humo, Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki ni ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck na majenerali wa Uingereza. Wapagazi waliotwaliwa kwa nguvu kubeba risasi na unga wana mistari michache tu, ilhali malaria na kuhara damu viliwaua wengi kuliko bunduki. Vita vilipokuwa vikielekea ukingoni mwaka 1918, homa ya mafua ikapanda kutoka pwani kwa njia ya reli, ikakuta watu wamekwisha kudhoofika. Janga halichagui, lakini mnyonge ndiye hulipa kwanza. Kinga ni bora kuliko tiba: serikali ipeleke umeme, vitabu na maji ya kunawa katika shule za vijijini sasa, kabla janga jingine halijabisha hodi.